Krismasi ya mbalamwezi Suguti: Baba alihubiri, Mama akalipa

KILA ikifika katikati ya Desemba mji huu unaanza kuhama. Wachaga wanapanda Moshi, Wahaya wanaelekea Bukoba, na sisi wa Mara tunajazana kwenye mabasi na maboksi yetu, kila mtu akijitahidi aonekane ameula mjini hata kama kodi ya chumba anadaiwa miezi miwili. Kijiweni washikaji wanaulizana, "Wewe Krismasi unaibukia wapi?" Nikijibu "Suguti", wananitazama kama nimetaja dawa ya kikohozi.

Basi niwatoe ushamba. Suguti ni kata ya Musoma Vijijini, pwani ya Ziwa Victoria. Ukitoka Musoma mjini unashika ile barabara ya Makojo na Busekera, ziwa linajitokeza upande wako wa kulia, linajificha, linajitokeza tena, na katikati yake ni mawe makubwa, mashamba ya muhogo na ng'ombe wasiojua kupisha gari. Wenyeji ni Wajita, Waruri na Wakwaya, wamechanganyika na Wakerewe, Wajaluo na kila aliyefuata samaki. Dini nazo zimechanganyika vilevile. Wamisionari walifika pwani hizi tangu enzi za Mjerumani, na Wamenonaiti kutoka Marekani wakaja Shirati mwaka 1934 na kusambaa kuelekea huku kwetu. Ndiyo maana kijiji kimoja unaweza kukuta Wakatoliki, Wasabato, Wamenonaiti na Waislamu, wote wanachota maji ziwa moja.

Mimi ni mtoto wa mchungaji. Kanisa letu silitaji, maana wazee wengine wa wakati ule bado wapo na heshima zao. Ninachotaka kuwasimulia ni Krismasi mbili za nyumbani kwetu, ya mwaka 1996 na ya mwaka 2015. Zote mbili zilikuwa za mbalamwezi, na zote mbili zilimhusu mtu mmoja ambaye jina lake halikuwahi kutangazwa madhabahuni. Mtu huyo ni mama yangu.

NYUMBA AU STENDI?

Watu wa mjini mnadhani mchungaji ni yule wa suti tatu na gari lenye kiyoyozi. Aaa wapi! Mchungaji wa kijijini wa miaka ile alikuwa na baiskeli, Biblia, koti moja la mazishi na harusi, na watoto wengi. Sisi tulikuwa watano, mimi wa tatu.

Mshahara wake ulitokana na sadaka. Jumapili sadaka inahesabiwa, sehemu inapelekwa ngazi za juu, sehemu inabaki kwa mahitaji ya kanisa, na kinachosalia ndicho cha mchungaji. Na sadaka yenyewe sehemu kubwa haikuwa noti. Watu walileta mayai, mkungu wa ndizi, kikapu cha muhogo mkavu, kuku aliyefungwa miguu. Baada ya ibada vinapigwa mnada nje, chini ya mti. Mzee wa kanisa anainua kuku juu: "Mia nne! Nani anaongeza? Mia nne na hamsini!" Nilikuwa napenda sana ule mnada, lakini sisi watoto wa mchungaji hatukuruhusiwa hata kusogea karibu, tusije tukaonekana tunawahesabia watu.

Nyumba yenyewe ilikuwa stendi. Anayekwenda hospitali Musoma analala kwetu. Aliyefukuzwa na mume analala kwetu. Mwinjilisti aliyekosa gari analala kwetu, na akiamka anauliza kama chai ina maziwa. Baba hakuwahi kumwambia mtu hapana. Alikuwa na neno lake, "Bwana atatoa." Mimi nilishaligundua zamani kwamba Bwana alikuwa akitoa kupitia mlango wa jikoni, na aliyekuwa amesimama pale mlangoni ni Mama.

Mama alikaanga maandazi ya kuuza, alilima muhogo, alishona vitambaa vya makochi kwa walimu. Senti zake alizifunga kwenye pindo la khanga. Kila mwezi wa kumi alianza kununua mchele kidogo kidogo, nusu kilo, kilo, anaficha chini ya kitanda kwenye debe lenye mfuniko. Huo ulikuwa mchele wa Krismasi. Kwetu wali haukuwa chakula cha kila Jumapili. Ulikuwa wa Krismasi, Pasaka, na akija mgeni mkubwa wa kanisa. Wewe unayetupa wali mkavu uliobaki jana, hujui ulichokuwa unatufanya moyoni mtoto akisikia harufu ya mdalasini.

MWEZI NA SADAKA

Sasa kuna jambo ambalo watu wa bara kavu hawalijui. Pwani ya ziwa letu, ukitaka kujua hali ya fedha, tazama mwezi.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Enzi zile wavuvi waliwasha karabai, taa za mafuta ya taa za kupampu, wanazielesha majini, dagaa wanafuata mwanga, wavu unafanya kazi yake. Ukisimama ufukweni usiku wa giza unaona ziwa limewaka kama mji. Lakini mwezi ukiwa mkubwa dagaa wanatawanyika, maana maji yote yana mwanga. Karabai inakuwa kazi bure. Wavuvi wanalala siku kadhaa, wanashona nyavu, wanacheza bao, na wasiokuwa na akiba wanakopa unga. Wa sangara walikuwa na mshiko wao wakati huo, kwa sababu viwanda vya minofu vilikuwa vinanunua. Ila waumini wetu wengi walikuwa wa dagaa.

Mwaka 1996 mwezi mpevu uliangukia tarehe 24 Desemba, siku ya mkesha wenyewe. Fikiria mwenyewe. Wiki nzima kabla ya Krismasi ziwa halina taa hata moja. Isitoshe mwaka ule ulikuwa mzito kanda nzima ya ziwa. Tarehe 21 Mei meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapotea, na mpaka Desemba bado ungemsikia mtu sokoni akisimulia habari za ndugu asiyeonekana.

Jumapili ya tarehe 22 Baba akasimama madhabahuni na kutangaza kwamba mwaka huo kanisa litawalisha wajane, wazee na wagonjwa siku ya mkesha, watu 40. Kila nyumba ilete bakuli la mchele au chochote. Watu wakaitika "Amina" ya kutosha kung'oa bati. Kisha kikapu kikapitishwa. Ziliingia sarafu, muhogo, kuku wawili na kambale mmoja mkubwa ambaye Wasabato waalikwa wasingemgusa, maana kwao samaki asiye na magamba ni haramu. Mnada wa siku ile ulikuwa kimya kama matanga. Kuku wakaondoka kwa bei ya aibu.

Jumatatu jioni bakuli za mchele zilizokuwa zimeletwa zilikuwa tatu.

KILO KUMI

Usiku ule nililala chumba cha pili, ukuta wa matofali mabichi haufichi neno. Nikamsikia Baba.

"Mama watoto, tulishatangaza."

"Ulishatangaza," Mama akamjibu.

Kimya. Halafu Baba akasema, "Tuanzie na wetu. Bwana atatoa."

Sikusikia jibu. Nilichosikia ni debe kuburutwa kutoka chini ya kitanda. Sauti ya debe kwenye sakafu ya udongo mpaka leo naijua.

Zilikuwa kilo kumi. Asubuhi nilipoamka, jogoo wangu naye hayupo bandani. Huyu jogoo nilimlea mwenyewe tangu kifaranga, na kulikuwa na makubaliano kwamba ama ataliwa Krismasi nyumbani, ama atauzwa nipate raba. Wenzangu wote walikuwa na pamba mpya za mitumba kutoka mnadani, mimi raba zangu zilikuwa zimetoboka kidole gumba kinapunga mkono. Nikamkuta jogoo uani kwa jirani yetu mzee Mwislamu, ambaye Baba alimwita achinje kuku wote na mbuzi mmoja aliyetolewa na mfugaji, ili kila atakayealikwa ale bila wasiwasi. Hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwetu, hakuna aliyeliwaza. Nililifikiria miaka mingi baadaye, Februari 2013, niliposoma kwamba kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ulimtoa mchungaji uhai. Nikasema kumbe yule mzee na kisu chake alikuwa amebeba amani ya kijiji na sisi tunamwona mchinja kuku tu.

Pilau ikapikwa. Watu wakala, wakafika zaidi ya 40, wakaimba, wakamshukuru Mungu na kumshukuru Mchungaji. Baba aling'ara siku ile, jamani! Alikuwa akizunguka na birika akiwanawisha wazee mikono mmoja mmoja, na wala hakuwa anazuga. Alikuwa na furaha ya kweli. Kwaya ikapokea. Mama alikuwa nyuma, macho mekundu kwa moshi, anakwangua ukoko.

Mimi nilikuwa nimenuna nyuma ya choo.

KAMBINI

Jua lilipozama Mama akaniita. Alikuwa amefunga bakuli la pilau kwenye kitambaa, na ndoo ndogo yenye maji ya moto imefunikwa. Kwapani ana blanketi. Nikalitambua lile blanketi, lilikuwa zuri kuliko yote nyumbani, alipewa kwenye harusi yake.

"Shika ndoo, twende."

"Wapi, Mama?"

"Kambini."

Hapo nikashtuka. Kambi ya wavuvi ilikuwa ufukweni, vibanda vya nyasi na mabati chakavu. Pale ndipo kulikuwa na pombe, na kibanda cha video cha jenereta tulikokwenda kwa kuiba kumwona Rambo. Wazee wa kanisa walikuwa wamepitisha kabisa kwenye kikao kwamba chakula kisipelekwe huko, maana kule ni Sodoma, na wengi ni watu wa kuja. Isitoshe kulikuwa na mwanamke mgonjwa. Aliuza pombe, sasa alikuwa kitandani miezi mitatu, na kila mtu alijua, kwa jinsi watu walivyojua mambo wakati ule, ni ugonjwa gani.

Vijana wa leo huenda hamuelewi ukimwi wa miaka ile ulikuwaje. Wagonjwa wa kwanza nchini walikuwa wameonekana Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa hilihili. Mwaka 1996 kijijini hapakuwa na kipimo wala dawa. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure hapa nchini mwaka 2004. Kabla ya hapo mtu akikonda watu walihesabu miezi. Vikombe vyake vilitengwa, nguo zake hazikuanikwa kamba moja na za wengine, na kuna waliogopa hata kukalia benchi alilokalia.

Tukaenda. Hatukuhitaji tochi. Mwezi ulikuwa mkubwa mpaka unaona chapa ya kwato za ng'ombe njiani, na ziwa lote lilikuwa jeupe kama bati jipya. Kule mbali, upande wa Kusenyi, ngoma ya spika ilikuwa inadunda, disko vumbi la mkesha. Roho yangu ilikuwa kule.

Ndani ya kibanda kulikuwa na koroboi, kitanda cha kamba na harufu. Mtoto wa kike wa miaka kama minne alikuwa amekaa sakafuni. Yule mama alikuwa mdogo sana kwa umbo, ungedhani ni mtoto mwingine.

"Mdogo wangu, habari za tangu jana," Mama akamsalimia, kama wamekutana kisimani. Hapo ndipo nikajua kumbe haikuwa mara ya kwanza.

Mimi nikaambiwa nigeuke nitazame nje. Nikasikia maji yanachuruzika, kitambaa kinakamuliwa. Mama hakuhubiri. Hakuimba pambio. Alikuwa anaongea habari za bei ya unga na mvua iliyochelewa. Baadaye nikasikia yule mama anauliza kwa sauti ya chini:

"Mama Mchungaji, mkono wako hauogopi?"

"Unaogopa," Mama akasema. "Ndiyo maana nimekuja na mtoto, nisije nikarudia njiani."

Wote wawili wakacheka. Jamani, walicheka kweli. Sikuwahi kumsikia Mama akicheka vile kanisani.

Niliporuhusiwa kugeuka, mgonjwa alikuwa amefunikwa lile blanketi. Alikula vijiko vitatu vya pilau. Kilichobaki alimsogezea mwanawe, na yule mtoto akala mpaka punje ya mwisho, akalamba na bakuli. Mle ndani kulikuwa na paja la jogoo wangu. Nilimtazama akila nikawa na hasira na aibu kwa pamoja, na mpaka leo sijui ipi ilikuwa kubwa.

Siku ya Krismasi, Jumatano, kanisa lilijaa hadi madirishani. Baba alihubiri vizuri, juu ya hori na wachungaji wa kondoo. Tukarudi nyumbani tukala ugali wa muhogo na dagaa wa kukaanga. Sikumsemesha mtu mpaka mwaka mpya.

SUFURIA LA KANISA

Hapo mngedhani hadithi imekwisha na watu wakampongeza Mama. Sikilizeni kasheshe lililofuata.

Habari za kambini zilifika kabla ya Jumapili. Januari, umoja wa akina mama ulipokutana kupanga chakula cha mkutano wa injili, mmoja akasema kwa upole sana kwamba ingekuwa vizuri Mama Mchungaji apumzike jikoni kwa muda. Hakuna aliyetaja sababu. Mwingine akaunga mkono. Wakapitisha. Kwa miezi mitatu mama yangu, aliyewapikia watu wa kanisa lile tangu aolewe, hakuruhusiwa kugusa sufuria lao. Maandazi yake yakakosa wanunuzi. Asubuhi alibeba beseni limejaa, jioni akarudi nalo limejaa, na sisi tukala maandazi mpaka tukayachukia.

Na yule mgonjwa? Alifariki Februari. Bibi yake mtoto akaja kutoka Ukerewe kwa mtumbwi, akamchukua mjukuu wake na blanketi. Sijamwona tena yule mtoto. Namwombea awe mzima huko aliko.

Kilichoniuma kuliko vyote ni Baba. Baba alizika yule mama, hilo nampa. Alisimama kaburini wakati wengine wanatazama kwa mbali. Lakini juu ya sufuria la kanisa hakusema neno. Aliporudi kikaoni akamwambia Mama, "Tuliombee." Mama akasema, "Sawa, Mchungaji." Akikasirika humwita hivyo badala ya Baba watoto.

Mwezi wa nne wakamrudisha jikoni, kimyakimya kama walivyomtoa. Hakuna aliyeomba radhi. Mimi nilimaliza shule, nikaja mjini, na moyoni nikaweka nadhiri kwamba sitakuwa mchungaji, na nikioa, mke wangu hatakuwa debe la mchele la watu.

MIAKA 19 BAADAYE

Mwezi una tabia moja. Karibu kila baada ya miaka 19 unarudi na umbo lilelile tarehe ileile. Mwaka 2015 mwezi mpevu uliangukia siku ya Krismasi yenyewe, Ijumaa. Mimi nilikuwa na miaka 32, mke na mtoto mmoja. Nikapanda basi Ubungo alfajiri, kupitia Dodoma, Singida, Shinyanga na Mwanza, mgongo ukawa kama ubao, nikashuka Musoma usiku wa manane. Sikulalamika. Wazee wetu miaka ya tisini walikuwa wakipitia Arusha na Nairobi wakaingilia Sirari, na pasi za kusafiria mkononi kama wanakwenda Ulaya.

Nilikuta mambo yamebadilika. Wavuvi wengi walikuwa na taa za betri na sola badala ya karabai, ila mwezi ni uleule, wakiwa bado wanalala siku za mbalamwezi. Baba alikuwa amestaafu, magoti yamegoma. Mchungaji mpya alikuwa kijana, anapokea sadaka mpaka kwa simu. Na chakula cha wajane na wazee bado kilikuwepo. Lile jambo la Baba lilikuwa limekuwa desturi.

Ila mwaka ule kulikuwa na kipindupindu. Kilianzia Dar es Salaam Agosti, kikasambaa mikoa mingi, na hata sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba Rais Magufuli alizifuta, watu wakaambiwa washike fagio. Kulisha watu wengi mahali pamoja ikawa jambo la kuogopesha. Akina mama wa kanisa wakakaa kikao wakijiuliza nani asimamie jiko ili asiugue mtu. Nadhani mmeshajua waliyemfuata.

Nilimwona Mama siku ya mkesha, ana miaka zaidi ya sitini, ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya masufuria kama mkuu wa kambi ya jeshi. Maji yote ya kunywa yachemshwe. Kila anayeingia anawe kwa sabuni, maji yanayotiririka, beseni la pamoja marufuku. Kachumbari hakuna mwaka huu. Chakula kinapakuliwa kikiwa cha moto, na mpakuaji ni mmoja. Mwanamke mmoja mtu mzima akanyoosha mkono kuonja mchuzi, Mama akamtazama tu, mkono ukarudi. Nikamtambua yule mwanamke. Ndiye aliyesema kwa upole sana ile Januari ya mwaka 1997. Akaenda kunawa, akarudi, wakaendelea kumenya vitunguu pamoja. Hakuna aliyeugua.

Usiku wa Krismasi tulikaa uani, mwezi umetutazama, wajukuu wanacheza. Sijui nini kilinituma nikasema, "Mama, unakumbuka ile Krismasi ya jogoo wangu? Nilikukasirikia sana wewe na Baba."

Mama akasema, "Mimi nilikasirika kuliko wewe."

Baba akageuza kichwa. "Ulikasirika? Mbona hukusema?"

"Hukuuliza," Mama akamjibu. "Ulisema tuanzie na wetu. Debe lilikuwa la nani?"

Nikadhani Baba atasema Bwana atatoa. Hakusema. Alikaa kimya muda mrefu, anasugua goti.

"Na lile jambo la jikoni," Mama akaendelea, sauti haikupanda, "miezi mitatu. Wewe ulikuwa mwenyekiti wa kikao. Ungesema neno moja."

"Niliogopa kanisa litagawanyika," Baba akasema. Halafu, "Nilikosea, Mama watoto. Nisamehe."

Miaka 19, msomaji wangu. Ilichukua miaka 19 kwa mzee aliyewahubiria wengine toba kila Jumapili kulisema neno hilo kwenye uani wake mwenyewe. Mama hakulia wala hakumkumbatia, haya si mambo ya sinema. Alisema tu, "Haya, tumeyamaliza," akamwita mjukuu amletee babu maji ya dawa. Kisha akanigeukia mimi:

"Na wewe, mchele wote haukwenda. Niliacha kilo moja. Mliila Januari mkadhani ni wa mgeni."

Tukacheka wote, na Baba akacheka kuliko sisi.

KWA MNAOKWENDA NYUMBANI

Sasa ninyi mabishoo na mabinti wa mjini mnaofunga mabegi, nina machache ya kuwaambia, na si mahubiri, kazi hiyo naijua ilivyo ngumu.

La kwanza, kanisa lenu au msikiti wenu au kikundi chenu kikipanga kulisha watu mwisho wa mwaka, fanyeni, ni jambo jema sana. Yule mtoto wa kambini alikula na akashiba, na hiyo peke yake ilitosha kumfidia jogoo wangu. Lakini kabla hujatangaza idadi ya wageni, uliza mchele uko wapi na ni wa nani. Ukarimu unaotangazwa na mmoja na kulipwa na mwingine asiyeulizwa unaacha deni nyumbani.

La pili, familia ya mchungaji nao ni watu. Mke wake si mali ya usharika, na watoto wake wana haki ya kununa kama watoto wengine. Ukienda kusalimia, usiishie sebuleni kwa mzee. Pitia jikoni. Mpe Mama Mchungaji kitu chake mkononi, umwambie ni chake, si cha wageni.

La tatu, kama kuna mtu mnamtenga kijijini kwenu mwaka huu kwa ugonjwa au kwa maneno ya watu, kumbuka kwamba mkono wa mama yangu nao uliogopa. Alibeba mtoto, akaenda.

Baba yupo, masikio yamepungua. Mama bado ana debe lake chini ya kitanda, ingawa sasa mchele unanunuliwa hata dukani pale kijijini siku yoyote. Siku hizi Baba akitaka kualika mgeni huanza na, "Mama watoto, unaonaje?" Mara nyingine jibu ni hapana, na mgeni analala kwa jirani, na mbingu hazijaanguka.

Hesabu yangu inaniambia mwezi utarudi tena Krismasi ya mwaka 2034. Nimeshamwambia mwanangu aanze kulea jogoo wawili.

Krismasi njema, na msafiri salama.